Moto wa Saru Uingie Nyumba Ipi

Hapo zamani, nyumba zilipokuwa zikiezekwa kwa nyasi na kila mtu akijua ni mkono wa nani uliokata fito zake, palikuwa na mwanamke kule milimani, kijiji cha Mwarungu, jina lake Saru. Kaeni vizuri. Hadithi yenyewe si ndefu, lakini ina ugomvi ndani yake, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba pale mwanzo alikuwa anasinzia.

Saru alikuwa na mume, Kubo. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, mgongoni mwa kilima, mahali ambapo ukungu huondoka mapema. Kubo aliijenga mwenyewe, Saru akazikandika kuta kwa mikono yake huku mimba ya kwanza ikimlemea. Wakazaa humo watoto wawili, Mwadime wa kiume na Wakesho wa kike. Matajiri hawakuwa, lakini jioni wakifunga mlango, ulikuwa mlango wao.

Kisha Kubo akaugua kifua. Akakohoa masika, akakohoa kiangazi. Mganga akasema, huyu apewe maziwa kila siku. Maziwa yatoke wapi? Ng'ombe hawakuwa naye. Bondeni alikuwepo mtu mmoja, Nyambu, mkali, mpweke, mkewe alikwisha kufa, hana mtoto, ila ng'ombe anao. Saru akateremka kwenda kumwona.

Nyambu akamwambia, "Ng'ombe wa maziwa nitakupa, na ndama wake. Wewe nipe ile nyumba ya juu. Bonde hili limenichosha, mbu wananimaliza."

"Na mgonjwa wangu nimlaze wapi?"

"Alale hapo hapo alipo. Mimi nitangoja."

Saru akakubali papo hapo. Nani kati yenu angekataa? Mume anakukatikia mikononi, wewe unang'ang'ania kuta?

Kubo akanywa maziwa. Akanenepa kidogo, watu wakaanza kusema huyu kapona huyu. Kisha akafa, humo humo ndani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe. Matanga yalipoanuliwa, Nyambu akapanda kilima na kitanda chake kichwani, maana mapatano ni mapatano. Na yule ng'ombe, msikitike na hili pia, msimu uliofuata alikula majani mabaya akavimba tumbo, akafa na ndama wake. Saru akabaki na watoto wawili na mzigo wa vyombo.

Sasa yupo mwanamke mwingine, jina lake Mghoi. Mghoi alikuwa na kijumba chini ya kilima, chumba kimoja na jiko. Mume wake na mtoto wake wa pekee alikuwa amewazika nyuma ya jiko hilo. Alimkuta Saru amekaa njiani na vyombo vyake, akamwambia, "Dada, inuka. Ingia kwangu."

Saru akasema, "Nitakaa kidogo tu."

Hicho kidogo kilidumu mpaka Mwadime akaota ndevu.

Mghoi hakumnyima Saru kitu, niseme ukweli. Chungu kimoja, moto mmoja, kitanda kimoja. Lakini mnajua maisha ya kukaa kwa watu. Saru hakuwahi kusogeza kigoda bila kukirudisha kilipokuwa. Akitaka kuning'iniza kibuyu, atauliza kwanza, "Dada, hapa naweza?" Mghoi atamwambia, "Saru jamani, mpaka leo unauliza?" Na kesho yake atauliza tena.

Kila jioni Saru alikuwa akitoka, anasimama ukingoni mwa ua, anatazama juu kilimani. Moshi wa nyumba yake ya zamani ulionekana kutoka pale. Mghoi anaita, "Saru, chakula kinapoa!" Saru anaitika, "Nakuja." Haji. Watoto wake walikua wakiujua mgongo wa mama yao kuliko uso wake, maana saa za kukaa pamoja ndizo saa alizokuwa amesimama pale.

Siku moja Wakesho, alipokuwa bado mdogo, alimuuliza, "Mama, unatazama nini?"

"Natazama kama moshi unatoka vizuri. Lile paa huwa linauzuia moshi upande wa machweo. Sijui kama yule mzee anajua kulitikisa."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mwadime akasema moyoni mwake, nitamjengea mama nyumba. Wakesho akasema moyoni mwake, nitamrudishia mama nyumba. Mmoja hakumwambia mwenzake.

Naona mtu ananikunjia uso. Unataka kuuliza, ndugu wa tumbo moja, kwa nini wasiambiane? Ngoja basi nikueleze, usiwe na haraka. Watu wa Mwarungu walikuwa na mwiko wao. Nyumba haitajwi mpaka iwe tayari kuingiwa. Humwambii mama, humwambii ndugu, humwambii hata mchumba. Walisema neno likitangulia kutoka, mvua nayo itapata pa kuingilia. Ukiulizwa unafanya nini, unajibu, "Sina la kusema," na mtu mwenye adabu ananyamaza. Wala huwezi kubahatisha, kwa sababu jibu hilo hilo walilitumia kwa mimba changa, kwa posa, na kwa mzinga wa nyuki uliotundikwa porini.

Basi Mwadime akaenda kwa wazee wa ukoo akaomba kiwanja. Wazee wakamwambia, wewe hujaoa, kiwanja hatukupi. Tutampa mama yako, na ujenge kwa jina lake. Akashukuru. Wakampa mahali karibu na chemchemi, ng'ambo ya kile kilima.

Akaanza. Akakata miti. Akachimba mawe ya msingi. Akakanyaga udongo. Asubuhi yuko shambani kwa watu, mchana yuko kwenye kiwanja chake, anarudi mikono imechubuka.

Alikuwa na mchumba, Majala, msichana mcheshi, na walipendana kwelikweli. Majala akamuuliza, "Mwadime, unakwenda wapi kila mchana?"

"Sina la kusema."

"Hayo malengelenge ni ya kazi gani?"

"Sina la kusema."

"Baba anauliza lini utaleta watu wako."

"Majala, nivumilie msimu mmoja."

Msimu ukapita. Akaomba mwingine. Mawe ya msingi yalikuwa yamezama kwa mvua, ikabidi achimbue upya. Majala akaja kwa mara ya mwisho, macho yamemvimba, akasema, "Mwanamume asiye na la kusema, nikiolewa naye nitazungumza na nani? Nitazungumza na mbuzi?" Akaondoka. Siku anaolewa na mtu wa kijiji kingine, Mwadime alikuwa juu ya paa anafunga nyasi. Alisikia vigelegele vinapita njiani kule chini. Aliendelea kufunga nyasi huku analia, na kamba alizofunga siku ile ndizo zilizokazwa kuliko zote.

Na Wakesho je? Wakesho alipanda kilima mpaka kwa Nyambu. Mzee alikuwa sasa ameishiwa nguvu, miguu imevimba, analala na nguo alizoshinda nazo.

"Nani wewe?"

"Wakesho, binti Kubo. Nimekuja kukufulia."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Unataka nini?"

"Nyumba."

Nyambu akacheka mpaka akapaliwa. "Lo! Mwizi anayebisha hodi! Nikifa wapwa zangu wataichukua, na hawajawahi kuniletea hata maji ya kunywa. Sikiliza, msichana. Mtumishi simtaki. Ukitaka nyumba yangu, uwe mwanangu. Unaweza?"

Wakesho akasema, "Naweza, Baba."

Alitamka neno lile kwa hila, apate nyumba. Lakini jamani, mtu ukimwosha miguu, ukimlisha uji, ukigombana naye kwa sababu ya ugoro wake, ukimkumbusha asitoke bila nguo nzito, huwezi kubaki na hila. Baada ya muda alikuwa akimwita Baba na kumaanisha.

Kijijini wakasema yao. "Binti Kubo kaolewa na kile kizee!" Walikuja vijana wawili kuposa, wakasikia maneno, wakageuzia njiani. Saru mwenyewe akamkalisha binti yake chini.

"Mwanangu, watu wananisema. Unafanya nini kwa yule mtu aliyetutoa?"

"Mama, sina la kusema."

"Mimi ni mama yako, Wakesho!"

"Najua, Mama. Sina la kusema."

Saru alinuna. Msimu mzima hakusema na binti yake ila salamu. Wakesho akabeba hilo nalo, akapanda nalo kilima kila asubuhi.

Nyambu alipoona siku zake zimeisha, aliita mashahidi akasema, "Nyumba hii naiacha kwa mwanangu Wakesho." Wapwa zake wakanung'unika, lakini neno la mtu anayekufa halipingwi. Wakashikilia sharti moja tu la desturi, kwamba nyumba ya marehemu iwashwe moto mpya kabla mwezi mwingine haujaandama, la sivyo inarudi kwa damu yake. Na kwa desturi za Mwarungu, asiyewahi kuoa wala kuolewa hawashi moto wa nyumba.

Mmeona? Mwadime hana mke. Wakesho hana mume. Kila mmoja alikuwa amempoteza mwenzi kwa ajili ya nyumba, na sasa nyumba yenyewe haiwezi kuwa nyumba bila mama.

Matanga ya Nyambu yakaisha. Wiki hiyo hiyo Mwadime akafunga mlango kwenye bawaba. Asubuhi moja Saru na Mghoi wamekaa uani wanapukuchua mahindi, Wakesho akaingia kwa lango la juu, Mwadime akaingia kwa lango la chini.

Mwadime akasema, "Mama, nina la kusema."

Wakesho akasema, "Mama, nami nina la kusema."

Wakatazamana. Aliyeanza ni Mwadime. Alipomaliza, Wakesho alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Akasema lake kwa sauti ndogo. Mwadime akasema, "Wewe dada yangu! Kumbe ndivyo!" Na hapo hapo akageuka, akaenda kusimama nyuma ya jiko ili asionekane analia. Saru alimkumbatia binti yake akamwomba radhi kwa ule msimu wa kununa. Mghoi aliendelea kupukuchua mahindi, na yalikuwa yanaanguka nje ya ungo.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Wazee wakasema, mjane ana paa moja tu. Viwanja ni haba, watu ni wengi. Akichota makaa ya moto wake wa sasa, akayabeba kwenye kigae, akayaweka katika mafiga ya nyumba fulani, basi kwake ni hapo mpaka kufa. Hahami tena. Nyumba mpya ikikosa moto, itabomolewa, kiwanja apewe mwingine. Nyumba ya zamani ikikosa moto, wapwa wa Nyambu wataichukua. Wakampa Saru mpaka mwisho wa mwezi achague.

Na wewe hapo mlangoni usiniambie akae huku masika na kule kiangazi. Nimesema moto unahama mara moja. Au nilikuwa nasema na ukuta?

Saru akaenda kuangalia nyumba ya zamani kwanza, na Wakesho. Kilima kilimtesa magoti, akapumzika njiani mara kwa mara. Alipofika mlangoni akashika mwimo. Ule mwimo ulikuwa umelika kidogo mahali ambapo Kubo alizoea kuegemea bega lake akiota jua. Saru akaegemea pale pale. Palikuwa juu kuliko bega lake, basi akaegemeza shavu. Akakaa hivyo muda mrefu, na binti yake akamwacha.

Ndani, Nyambu alikuwa amehamisha kiambaza cha chumba. Mahali pa mafiga palikuwa pengine. Nyumba nzima ilinuka ugoro. Saru akaenda mpaka pale kilipokuwa kitanda cha Kubo, akakaa sakafuni.

"Kubo," akasema, "nimerudi."

 Kisha akasikia kikohozi kile, si masikioni, kichwani mwake tu, akainama na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kukilia kwa Mghoi kwa sababu ya kuogopa kumsumbua mwenye nyumba.

Wakesho akasema, "Mama, kiambaza nitakirudisha pale pale. Mafiga nitayarudisha. Ugoro nitaufukiza utoke."

"Utaweza, mwanangu. Lakini nilipokuwa hapa nilikuwa na magoti ya kuteremka kuchota maji."

"Nitakuchotea mimi."

"Mpaka lini? Hutaki kuolewa?"

Wakesho akaanza kufagia. Jioni ikaingia. Saru akatoka, akasimama ukingoni mwa ua wa nyumba yake, na bila kufikiri akatazama chini. Akaona moshi wa jiko la Mghoi. Ulikuwa mwembamba, wa mtu anayejipikia peke yake. Saru akasema, "Amesahau kuchochea." Akaendelea kuutazama mpaka binti yake akamwita ndani.

Siku nyingine akaenda na Mwadime kuona nyumba mpya. Ee, nyumba! Mlango mpana, kizingiti kifupi, mama asipate shida kuinua mguu. Nje pana ubao wa kukalia, umepigwa na jua la asubuhi. Chemchemi iko karibu, unasikia maji yakitiririka ukiwa jikoni. Kuta zinanuka udongo mbichi. Hakuna aliyewahi kuugulia humo wala kufa humo. Saru akakalia ule ubao, na ulikuwa kimo chake hasa. Akacheka peke yake kama msichana.

"Mwadime, umenipima lini?"

"Nilipima kigoda cha Mama Mghoi, kile unachokipenda."

Saru akazunguka nyumba. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akauliza, "Kilima kiko wapi?"

"Kipo nyuma, Mama. Miti inakiziba. Nimeelekeza mlango huku makusudi. Tangu nikiwa mtoto nauona mgongo wako. Nikasema, hapa mama hatasimama tena kutazama kule. Hapa atakaa chini, na sisi tutamwona uso."

Saru akamshika mkono. Kisha akamwambia taratibu, asimvunje moyo, "Mwanangu, nani alikwambia kule kutazama kuliniumiza? Ile ndiyo ilikuwa saa yangu na baba yako."

Mwadime akainamisha kichwa. Saru akaingia ndani, akasema "Kubo" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejaribu. Ile sauti ikagonga kuta mpya, ikamrudia. Akatoka, akampangusa mwanawe vumbi mabegani, akasema, "Nyumba ni nzuri. Sijawahi kuona nzuri kuliko hii." Na hakuwa anadanganya.

Aliporudi kwa Mghoi, alimkuta kakaa gizagiza, hajawasha kibatari. Saru akasema, "Dada, twende wote. Popote nitakapoenda, twende wote. Usibaki peke yako."

Mghoi akatikisa kichwa. "Mume wangu na mwanangu wako hapa nyuma ya jiko, nimwachie nani kuwafagilia? Halafu Saru, miaka yote hii nimekuona ukiishi kwa mtu. Nimekuona unavyorudisha kigoda. Nimeona unavyokohoa chini ya shuka usiniamshe. Mimi maisha hayo siyawezi. Heri nibaki peke yangu kwangu."

"Kumbe uliona?"

"Niliona. Kila siku niliona. Nilikuwa naomba siku moja ukivunje hicho kigoda, unigombeze mimi kwa kukiweka njiani. Hapo ningejua umefika."

 Kisha Saru akaanza kucheka, Mghoi naye akacheka, na kucheka kule kukageuka kilio.

Siku ya mwisho ikafika. Watu wa Mwarungu wakakusanyika njia panda, chini kidogo ya ua wa Mghoi. Njia moja inapanda kilimani. Nyingine inazunguka kwenda kwenye chemchemi. Saru akaingia jikoni, akachota makaa kwenye kigae, akatoka nayo. Mghoi akabaki mlangoni, kaegemea.

Mzee wa ukoo akasema, "Kabla hajapiga hatua, mwenye neno aseme."

Mwadime akasimama. "Mimi nimejenga. Nyumba ile haina jasho la mtu mwingine. Kwa ajili yake nimemkosa Majala, na mpaka leo nikisikia vigelegele nageuka. Mama amelia miaka mingi, nataka apumzike mahali ambapo hakuna kitu cha kumliza. Kule juu kuna nini? Kuna kilima cha kumuua magoti, na chumba walimofia watu wawili. Nikibomolewa nyumba ile, mimi nitakuwa nimetoa kila nilichokuwa nacho kwa ajili ya nyasi za kuwashia moto."

Wakesho akasimama. "Mimi nimerudisha. Kaka amejenga nyumba, mimi nimeleta nyumba ambayo mama aliililia. Hakulilia kuta zozote tu, alililia zile alizokandika. Kwa ajili yake nimetukanwa, nimekosa mume, mama yangu mwenyewe aliniona mchafu. Na nilimzika mzee aliyekuwa baba kwangu. Mkiwapa wapwa zake nyumba ile, wataifanya zizi, nilisikia kwa masikio yangu. Baba zangu wawili walifia mle. Sina mahali pengine pa kuwakumbukia."

Watu wakasema, basi tumesikia. Lakini Saru alikuwa amegeuka nyuma, anatazama mlango wa kijumba. Mzee wa ukoo akauliza, "Mghoi, una neno?"

Mghoi akasema, "Mimi sina haki ya kusema. Sikujenga, sikurudisha." Akataka kuingia ndani. Kisha akarudi. "Ila nilisogea. Kitanda kile ni chembamba, na kila siku nilisogea ili apate pa kulala, yeye na watoto wake hawa wanaosema leo. Makaa aliyobeba hapo ni ya jiko langu. Simlaumu akiondoka, alisema tangu mwanzo kwamba atakaa kidogo. Lakini mimi nimeshasahau kulala katikati ya kitanda."

Hakuna aliyecheka. Mwadime alitazama chini, Wakesho alitazama chini, maana mwanamke yule alikuwa amewabeba wote wawili mgongoni walipokuwa wadogo.

Saru akainua kigae. Akatazama njia ya kilimani, nayo ina miaka yake na Kubo, na magoti yake hayaiwezi. Akatazama njia ya chemchemi, nayo ina jua la asubuhi na mwanawe mwenye mikono iliyochubuka, na hakuna mtu ndani wa kumwita. Akatazama mlango wa Mghoi, ambako makaa yale yangeweza kurudi, ambako hajawahi kuwa mwenye nyumba hata siku moja, na ambako kuna mtu mmoja duniani anayejua anavyokohoa.

Akasema, "Wanangu, mmenipa vyote. Mngenipa kimoja ningewashukuru bila kulia."

Na mimi naishia hapo. Msinipigie kelele, sijasahau mwisho. Kila nilipokwenda na hadithi hii, watu wamegawanyika. Wenye watoto wadogo wanasema nyumba mpya. Waliofiwa wanasema nyumba ya zamani. Wapo wanaokaa kimya, na ukiwatazama vizuri hao ni watu waliowahi kulala kwa mtu. Mwanamke yule amesimama njia panda na kigae mkononi, na makaa yameanza kuvaa majivu. Yakizimika, kwa desturi zao, hana kwake popote. Basi semeni nyinyi, na semeni upesi: kati ya mwana aliyejenga, binti aliyerudisha, na mwenzake aliyesogea, nani aliyestahili moto wa Saru?